Kipokezi cha Baba Mkwe

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe ametoa hukumu wakati wa chakula cha mchana. Jumamosi ya wiki ijayo ni kumbukumbu ya Baba mkwe, mwaka wa tatu tangu afariki. Siku hiyo anataka Baba aimbe. Si kwenye simu. Kwenye mashine yake mwenyewe, ile amplifaya ya Kijapani na spika zake mbili kubwa, ambazo tangu msiba zimekaa sebuleni bubu, zimefunikwa kitambaa cha meza.

Baba aliimba beti sita za vọng cổ, zile nyimbo za huzuni za huku kwetu, kwenye harusi ya jirani, mwaka wa mafuriko, na mtu akamrekodi. Kanda yenyewe imeliwa na ukungu, ila mke wangu Thắm aliwahi kuihamishia kwenye simu yake, akanitumia na mimi. Kwenye simu Baba anasikika kama mbu ndani ya kopo. Mama hataki mbu. Anamtaka mumewe.

Khải alikuwa hewani kutoka Sài Gòn. Huyu ni mwanyumba wangu, kamuoa mdogo wake Thắm. Akasema mashine ilishakufa kifo chake, ana mtu wa kuinunua, apewe tu aibebe. Mama akatafuna kwanza, akameza, akasema: ikiimba siku hiyo, inabaki. Isipoimba, Khải aichukue Jumapili, maana amechoka kufuta vumbi kitu kisichosema.

Nikasikia mtu anasema, "Mama, niachie mimi." Nilikuwa mimi!

Miaka ishirini na moja naishi nyumba ya wakwe hapa Sa Đéc. Kila karamu nakaa mkeka wa chini, mlangoni pa jikoni, napitisha sahani na kuagizwa barafu. Mashine ikiimba kwa mkono wangu, nani atanituma barafu tena? Thắm ameniuliza nitafanyaje. Nimemwambia ni jambo la kitaalamu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeuliza intaneti. Kinachotakiwa kinaitwa kipokezi cha bluetooth. Simu inatupa muziki hewani, kipokezi kinaudaka, kinaupeleka kwenye amplifaya. Rahisi! Furaha ilidumu dakika kumi.

Viko vya nne nukta mbili, vya tano, vya tano nukta tatu. Viko vyenye antena moja, mbili, na visivyo na antena. Mtu mmoja ameandika kwamba cha bei rahisi kinaua sauti ya kinanda. Mwingine amemjibu kwamba masikio yake ni ya bata. Wamegombana kurasa arobaini. Nimezisoma zote nikiwa kazini, kwenye mizani ya kinu cha mpunga. Lori moja nimelipima mara mbili, jingine sikulipima kabisa.

Jioni nikaenda kwa Mzee Phụng, anayeuza redio na spika za mitumba karibu na daraja. Akaniuliza nyuma ya mashine kuna matundu gani. Nikasema ya kawaida. Akauliza kama kuna yungiyungi, ndivyo wenyewe wanavyoyaita matundu ya duara, jekundu na jeupe. Nikasema yapo, tena mengi. Akauliza nataka cha kupokea au cha kutuma. Nikasema kizuri.

Mzee Phụng akashusha birika. Kisha akanimiminia chai, na mimi nikanywa kana kwamba tumeelewana.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenunua! Si kwa Mzee Phụng, maana maswali yake yanaudhi. Nimenunua kwa muuza simu wa sokoni, ambaye hakuuliza chochote. Kina antena mbili.

Nimekiunga. Taa ya bluu ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Simu inatafuta, haikioni. Nikakisogeza. Nikasogeza simu. Nikapanda nayo kitandani, nikatoka nayo uani. Thắm akauliza natafuta nini kwenye banda la bata. Saa tatu nzima!

Mwishowe nimekipeleka kwa Mzee Phụng nikiwa nimekificha ndani ya kofia. Akakigeuza mara moja tu. Kumbe hiki ni cha kutuma. Kazi yake ni kutoa sauti kwenye mashine na kuipeleka kwenye spika za masikioni. Simu ilikuwa inasubiri kupokelewa, nacho kilikuwa kinasubiri mtu wa kumpelekea. Wote wawili wameniangalia saa zote tatu bila kusema.

Niliporudi, Khải alikuwa ametuma picha kwenye kikundi cha familia. Amenunua spika ya magurudumu, ndefu kama ndama, ina taa za rangi saba na maikrofoni mbili. Anasema ataileta, kwa tahadhari tu. Chini yake ameandika: "Mwanyumba, usijitese bure. Wewe andaa barafu." Watu kumi na wanne wamecheka. Mmoja wao ni mwanangu Ngân.

Jumapili, 9 Machi

Nimechoka kuulizana na walio hai. Vimebaki vipokezi vitatu kwenye orodha yangu: kidogo cha ukubwa wa kidole, cha wastani chenye uso wa mbao, na kikubwa chenye kioo kinachoonyesha mawimbi. Mashine ni ya Baba. Basi na achague mwenyewe.

Asubuhi, Mama alipokwenda kulisha bata, nikawasha ubani mbele ya picha ya Baba na kuchukua sarafu mbili na kisosi. Moja ikilala uso na nyingine mgongo, amekubali. Zote mbili zikilala mgongo juu, amekataa.

Nikamuuliza kidogo. Amekataa. Kikubwa. Amekataa. Cha mbao. Amekataa! Nikamuuliza kama kweli anataka kipokezi. Sarafu zote mbili zikalala uso juu, na hapo kila mtu anajua maana yake: marehemu anacheka.

Alipokuwa hai alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akiniita "mpangaji." Mpangaji ameamka? Mpangaji amekula? Nikamvumilia miaka kumi na minane, na sasa ananicheka kwenye kisosi.

Mama akaingia na ndoo yake akauliza namuuliza nini mumewe kwa sauti ya ugomvi. Nikasema namjulia hali. Akasema ameshakufa, hali yake haibadilikibadiliki, nimwache apumzike.

Alipotoka nikabadilisha swali. Nikasema, Baba, huna kinyongo na kile cha mbao, sivyo? Uso na mgongo! Nimekiagiza hapo hapo kabla hajabadili mawazo.

Jumanne, 11 Machi

Kimefika. Kizuri mno! Kimekuja kwenye sanduku jekundu lenye maandishi ya dhahabu na utepe. Karatasi ya maelezo ni ya Kichina upande mmoja na Kijapani upande wa pili. Nimesoma michoro.

Mama na Thắm walikuwa hekaluni. Nikaunga nyaya, nikawasha, na simu ikakiona! Nikabonyeza. Ikatoka ngurumo ya kutisha ambayo sijawahi kusikia ndani ya nyumba. Paka katoka dirishani. Bata wote wakapiga kelele na jirani akaja na ndoo ya maji, alidhani jiko la gesi limelipuka.

Nikamuita Mzee Phụng. Alikuja na kandambili zake, akainama nyuma ya mashine, akang'oa nyaya kwenye matundu mawili na kuzichomeka kwenye matundu mawili ya jirani yake. Yale yangu yalikuwa ya santuri, ambayo hukuza sauti mara nyingi zaidi. Alinipigapiga begani kama mtu anayempa mtu pole, akaondoka.

Nikabonyeza tena. Na Baba akaimba.

Sikutegemea. Sauti imejaa chumba, nzito, na kabla ya kuanza anavuta pumzi, ile pumzi yake ya mvuta sigara, nikageuka kutazama kiti chake. Mwaka ule wa mafuriko ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka barabarani hadi mlangoni, mimi mgonjwa wa homa, huku ananitukana njia nzima kwamba mpangaji gani mzito hivi. Nilikuwa nimesahau. Nimelia kama mtoto, mkono mmoja umeshika simu.

Baada ya beti mbili nimezima. Zilizobaki ni za Mama, Jumamosi. Natamani sana amsikie hivi.

Alhamisi, 13 Machi

Sijalala vizuri, nina mawazo. Khải anafika Jumamosi asubuhi. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuungana na kipokezi changu. Khải ana simu mbili! Naona kabisa picha yake: Mama amekaa, wageni wamenyamaza, mara inatoka disko ya Sài Gòn. Au atakigusa tu kidogo, kwa bahati mbaya, nacho kife. Au atasema alikileta yeye.

Lazima kifichwe hadi dakika ya mwisho. Wapi? Kabatini, Ngân anachimbua. Chini ya kitanda, paka. Jikoni, mafuta.

Nimepata! Madhabahuni. Hakuna atakayethubutu kuiba chini ya macho ya Baba. Zaidi ya hayo, ni heshima, kitu chake kianze kwake. Nimekichomoa, nimekirudisha kwenye sanduku lake jekundu, nimefunga utepe vizuri na kukiweka mezani chini ya picha yake, pembeni ya matunda. Sijamwambia mtu. Hata Thắm.

Thắm yeye ametoka sokoni na mzigo wa vitu vya karatasi vya kumchomea Baba, vimfikie huko aliko: suti mbili za karatasi, nyumba ya ghorofa, pikipiki, feni, saa ya mkononi, na seti nzima ya muziki ya karatasi. Siku hizi wanavitengeneza vizuri sana. Kila kimoja ndani ya sanduku lake, lenye dhahabu na utepe. Amevipanga vyote madhabahuni. Meza imependeza.

Nimetulia sasa. Nadhani hii ndiyo akili ambayo Baba hakuwahi kuiona kwangu.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaeleza kwa utaratibu.

Wageni thelathini. Nyama ya nguruwe na mayai ndani ya maji ya dafu, mchuzi mchachu wa samaki, vitumbua vya mchele vilivyofungwa majani. Khải kaingia na spika yake ya magurudumu imewashwa taa zote saba, watoto nyuma. Akanikumbatia akauliza barafu iko wapi. Nikatabasamu tu. Nilikuwa nimebeba siri.

Tukaomba. Ubani ukaisha. Ikafika saa ya kuchoma vitu vya karatasi, ili Baba apate vyake kabla sisi hatujala. Khải akakunja mikono ya shati, eti yeye atachoma. Nikamwambia hapana! Mkwe mkubwa yupo! Nikabeba rundo zima kwa mikono yangu miwili hadi kwenye pipa uani, watu wananitazama, na nikaanza kutupia. Suti. Nyumba. Pikipiki. Feni. Sanduku jekundu. Lilikuwa zito kidogo. Nikajisemea, kweli karatasi za siku hizi zina ubora.

Moto ukawa wa bluu. Kikalia paa! Kisha paa paa! Moshi mweusi. Shangazi yake Thắm akafunika pua na kitambaa chake cha kichwani akasema jamani, hadi harufu ni kama ya kweli. Nikamjibu kwamba tumemnunulia Baba vitu vya bei.

Nikanawa mikono. Nikaingia ndani kwa mwendo wa taratibu, nikawaomba wote wanyamaze, nikamwomba Mama akae mbele. Nikaenda madhabahuni kuchukua kipokezi.

Palikuwa na matunda.

Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Thắm anasema nilitoka mbio nikaingiza koleo la mkaa kwenye pipa na kutoa kitu kama nyongo ya kuku iliyoungua, nikarudi nacho sebuleni nimekinyanyua ili watu waelewe. Walielewa. Nilisikia kicheko kimoja, halafu viwili, halafu nyumba nzima. Khải alishika ukuta. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa mbele ya spika, mikono magotini, kama nilivyomweka.

Hapo aibu ikaniingia kweli. Si ya kuchekwa, hiyo nimeizoea. Nilikuwa nimemnyima.

Khải akafuta machozi, akasogeza spika yake, akasema basi Mama, tumsikilize Baba hapa, ina sauti hadi ng'ambo ya mto. Mama akasema hapana. Ama kwenye mashine yake, ama basi. Khải akasema, kwa upole, lazima niandike alisema kwa upole, kwamba basi kesho ataipakia.

Thắm akauliza jambo moja tu: ile mashine ina matundu mekundu na meupe? Nikasema ndiyo, yungiyungi. Akavaa kofia yake, akapanda pikipiki, akavuka daraja. Akarudi kabla ya wali kupoa na waya. Waya! Urefu wa mkono, upande mmoja ncha ya kuingia tundu la spika za masikioni kwenye ile simu yake kuukuu, upande mwingine ncha mbili, nyekundu na nyeupe. Akachomeka huku. Akachomeka kule. Akabonyeza.

Baba akavuta pumzi.

Mtoto mmoja alikuwa ananong'ona, akapigwa kofi la mgongo. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kwenye wa nne Mama akanyanyua kidole na kusema, "Hapa anachelewa. Kila siku hapa anachelewa," na Baba kweli akachelewa, na Mama akacheka na machozi yakamtiririka hadi kidevuni, hakuyafuta. Khải alikuwa amezima taa zake zote saba. Nikamwona analia. Tukaonana tunalia, tukageuza nyuso.

Mama aliomba irudiwe mara tatu. Kisha akasema mashine haiendi popote. Kisha akaniita nikakae naye mkeka wa juu. Watu wakashangaa. Akaeleza kwamba kule chini niko karibu mno na moto.

Jumapili, 16 Machi

Khải ameondoka na vitumbua na spika yake. Ameniambia mwanyumba, hata tukigombana miaka mia, jana hutaisahau wala mimi. Sijui kama ni sifa au tusi. Nimempa mkono.

Mimi sielewi. Waya! Nimekwenda kumuuliza Mzee Phụng kama waya unaua sauti ya kinanda. Amesema waya ndio wenye sauti safi kuliko vyote. Sasa kurasa arobaini zilikuwa za nini? Wale watu waligombana kwa ajili ya nini? Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza. Akasema niliingia dukani nikasema nataka kipokezi, na yeye hajui kumpangia mteja.

Thắm amebandika karatasi juu ya mashine: Baba Ngân asiguse. Naona ni ya muda tu.

Jumanne, 18 Machi

Jambo kubwa limetokea. Mama amemuota Baba!

Ametusimulia wakati wa uji. Baba kakaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake ya ghorofa, amevaa ile suti mpya, pikipiki iko kando. Afya nzuri. Ila mapajani ana kijisanduku cha mbao chenye taa ya bluu, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na yeye anakibonyeza na kukitikisa na kumtazama Mama kama mtu mwenye swali. Thắm akacheka hadi uji ukampalia. Ngân naye. Mama pia.

Sikucheka. Nilielewa papo hapo. Kipokezi amekipata, lakini hana simu! Atapokea kutoka wapi?

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda duka la vitu vya karatasi. Simu za karatasi ziko aina mbili, moja ina kamera tatu, nyingine nne. Nikamuuliza muuzaji zina bluetooth gani. Akasema kaka, hizi ni karatasi. Nikamwambia hilo naliona, nauliza ni nne nukta mbili au ya tano, maana marehemu ana kifaa cha tano na sitaki asumbuke nilivyosumbuka mimi. Akamtazama mwenzake. Akasema zina zote. Hakuna kitu chenye zote! Hawa wauzaji wanadhani mtu hajui.

Nimenunua aina zote mbili. Chaja sijachukua, kwa sababu nimemuuliza huko wanatumia umeme wa volti ngapi, naye akaenda kumhudumia mteja mwingine. Kesho nampitia Mzee Phụng.